Mama Phidalin Khongsit, Aliyetoa Nyumba ya Ukoo Iwe Pumziko la Wagonjwa

Mchungaji, wazee wa kanisa, waombolezaji wenzangu, nanyi watoto mliokaa hapa mbele, mimi ni Banteilang, mtoto wa dada yake marehemu, na ukoo wa Khongsit umenituma niwasomee safari ya mama yangu mdogo.

Mama Phidalin alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Mawrynsiang, kitindamimba kati ya watoto sita, na kwa mila yetu, kwa kuwa alikuwa binti wa mwisho, nyumba ya ukoo ilikuwa yake kuitunza. Alisoma shule ya kanisa hapa kijijini, kisha sekondari mjini Shillong hadi 1970, akajifunza uuguzi, na kuanzia 1974 alihudumu katika wodi ya watoto kwa miaka ishirini na mitatu.

Tarehe 9 Februari 1977 alifunga ndoa na Bwana Wanbok Sohtun, fundi seremala, aliyehamia kwake, wakajaliwa watoto watatu, Daphisha, Kitbok na Ibanri.

Mwezi Juni 1994, akitoka kazini, alimkuta kituo cha basi mtoto Larisha, aliyeruhusiwa kutoka wodini siku mbili kabla kwa kuwa tiba ilikuwa imeshindikana, amejilaza juu ya magunia na bibi yake, mvua inanyesha, barabara ya kwao imekatika, na bibi mwenyewe anatetemeka kwa homa. Aliwaleta hapa. Larisha aliishi wiki kumi na moja, akiota jua na kumchokoza bibi yake, na alipofariki, bibi hakuwa na wa kumrudia, akabaki akilima viazi vyetu hadi alipofariki mwaka 2003.

Ni baada ya kifo cha Larisha ndipo Mama alipotaka nyumba nzima iwe chini ya kanisa, wapumzike humo watoto wagonjwa na wazee. Ukoo ulikutana Novemba 1996, tukatafuna popoo kama ilivyo desturi ya vikao, kisha Mjomba Trosing, kaka wa bibi yetu na msemaji wa ukoo, akasema, "Phidalin, nyumba hii si yako, umeshikishwa funguo tu."

"Ndiyo maana, Mjomba, siwezi kumfungia mtu nje."

"Na huyu binti yako wa mwisho atarithi nini, makohozi ya watu?"

Ibanri, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, akajibu kabla hajaulizwa, "Mimi mniachie kitanda tu, Babu, tena kisiwe karibu na anayekoroma." Watu walicheka, lakini Mjomba alichukua mwavuli wake akaondoka. Ukoo ulikubali kwa shingo upande, kanisa nalo likasitasita mwaka mzima, na tarehe 2 Mei 1998 Nyumba ya Utulivu ikafunguliwa ikiwa na vitanda sita, vyote kazi ya mikono ya Bwana Wanbok.

Kwa miaka tisa Mjomba alipita njia hii bila kumsalimu, na Mama aliumia, maana Mjomba ndiye aliyemlea tangu utotoni. Mwaka 2007 Mjomba akapooza upande mmoja, na Mama akaenda kumchukua mwenyewe.

"Unanipeleka ukanicheke?"

"Nakupeleka ukale, Mjomba. Kucheka tutacheka wote."

Alikaa nasi miaka minne, akiwafundisha watoto kulenga shabaha kwa mishale, yeye kitini, akiwafokea, "Kiwiko juu! Unapiga shabaha au unafukuza kuku?" Alifia mikononi mwa Mama.

Bwana Wanbok alitutoka mwaka 2015. Mama aligundulika na saratani ya tumbo Agosti 2022, akatibiwa Shillong, akaomba arudi hapa. Wiki iliyopita vitanda, ambavyo sasa vimefika ishirini na viwili, vilijaa vyote, na alipoambiwa kuna mtoto anakuja Alhamisi, alimwambia Ibanri, "Changu kitakuwa wazi. Fueni mashuka mapema, jua la Novemba halikawii kuzama." Alifariki Jumanne tarehe 7 Novemba 2023, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na mchele tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake, na kanisa lililobeba mzigo huu naye.

Mtoto yule alifika jana na mama yake, mashuka yalikuwa yamekauka, na asubuhi hii nilipopita bado alikuwa amelala.

Mama mdogo, nawe pumzika sasa, kwa amani.