Bei ya Binti wa Koleo

Benchi la kijiwe hiki lilikuwa la kanisa. Parokia ya Wapolandi ilipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada, Saleh Muthana alilinunua, akalikokota mpaka kwenye duka lake la kahawa pale Lackawanna, mji wa chuma kando ya Buffalo, akalisukuma chini ya dirisha, ubavuni mwa hita. Tangu hapo wanaolikalia hawajasali hata siku moja, ila wameapa sana. Kuanzia Novemba, besiboli inapoisha, mpaka Aprili, theluji ya ziwani inapochoka, wao hucheza msimu wao wenyewe. Wanauza wachezaji, wananunua, wanabadilishana, wanafukuza makocha, yote hayo kwa kikombe kimoja cha kahawa ya iliki kinachojazwa bure mara mbili. Asubuhi hiyo ya Januari redio iliwashwa mapema, kwa sababu saa tano kamishna wa ligi angetangaza timu yao, Wafua Chuma wa Buffalo, italipwa nini kwa kuporwa mkuu wake wa usajili.

Mkuu huyo alikuwa binti wa mmoja wao.

Zygmunt Drozd, waliyemwita Koleo kwa miaka ishirini na sita aliyokamata vyuma vya moto kiwandani, alikuwa amekaa mwisho wa benchi karibu na hita, mahali pake pa siku zote. Mwanawe Renata alishika usajili wa Wafua Chuma kwa miaka sita. Desemba, Manahodha wa Los Angeles, timu yenye pesa za kuchezea, wakamchukua awe bosi wao, na mkataba wake wa hapa ulikuwa umebakiza mwaka mzima. Desturi ya mchezo huo ni kwamba ukimnyakua kiongozi wa mwenzio kabla ya mkataba kuisha, lazima ulipe, na hulipi fedha, unatoa mchezaji. Timu hizo mbili zilivutana wiki tano bila kuelewana. Na katika wiki hizo tano hakuna mtu kijiweni aliyelitaja jina la Renata mbele ya baba yake. Walisema "yule". Walisema "ile kesi". Koleo hakutaka pole yao. Alitaka neno moja zuri juu ya mwanawe kutoka kwa watu aliokaa nao miaka kumi na tisa, na alikuwa amejiapiza kwamba asipolisikia leo, kuanzia kesho atakunywa kahawa yake nyumbani.

— Mimi namtaka Berroa, — alianza Eugene Tierney, fundi bomba mstaafu. Huyu walimwita Kengele, kwa ile kengele ya ng'ombe anayoigonga uwanjani mpaka majirani wanahama viti. — Sitaki maneno mengi. Osvaldo Berroa, mrushaji, miaka ishirini, mkono wa kushoto, mpira unatoka maili mia kwa saa. Watupe huyo, tumalizane.

— Umeamka vibaya leo, — alisema Milagros Quiñones, aliyekaa katikati na sare yake ya udereva wa basi, zamu yake ikianza saa saba. Yeye ndiye Kamishna wa kijiwe, maana kanuni za ligi amezisoma zote, hata zile ambazo ligi yenyewe imezisahau. — Berroa hatoki. Kiongozi huwa analipiwa kijana wa ligi ndogo, tena yule ambaye hata mama yake hajui anachezea wapi.

— Huwa! Sasa yule ni kiongozi wa "huwa"?

Koleo akainua kikombe ili asionekane amesikia.

— Sijasema ni wa kawaida, mzee. Nimesema kanuni.

— Kanuni peleka kwenye basi lako. Mtu anakuja kwako, anang'oa injini, halafu anakuachia taa moja ya nyuma?

Saleh aliegemea kaunta, taulo begani.

— Kwetu Yemen hili jambo lina jina. Mahari. Binti haondoki hivi hivi.

— Mahari si anapewa binti mwenyewe, wewe Saleh? — Kamishna akamdaka. — Juzi tu ulitwambia, ulipomwozesha mpwa wako.

— Anapewa yeye, ndiyo. Lakini na sisi wa upande wa binti tunakula siku tatu. Hawa watu wa Los Angeles wametulisha nini? Hata kilo ya tende sijaona.

Wakacheka, na Koleo akacheka nao kidogo. Kicheko kilipoisha alirudi kuitazama theluji nje. Walikuwa wanampangia mwanawe bei kama gari la mtumba, na hakuna aliyesema gari lenyewe lilikwendaje.

— Basi sikilizeni, — Kengele akasogea ukingoni mwa benchi. — Nimebadili mawazo. Berroa, na yule mdakaji wao Lindqvist.

— Wawili?

— Wawili! Kwani yule alitufanyia kazi ya mtu mmoja? Nani alimtoa Pickering kwenye ligi ya watu wanaocheza baada ya kufunga maduka? Leo Delroy Pickering analinda kituo cha tatu, mpira haupiti, hata upepo unaomba ruhusa.

— Na Rentas, — Kamishna akaongeza, kanuni zikaanza kumtoka kichwani. — Ismael Rentas alikuwa anaitwa mwenye magoti ya mzee. Yule akasafiri mpaka Ponce, kwao kijana, akakaa kwa bibi wa kijana siku nne, akala naye, akamtazama kijana anapanda ngazi na kushuka. Akarudi akasema magoti mazima, viatu ndio vibovu.

— Viatu! — Saleh akapiga kaunta.

— Viatu, kaka. Akamnunulia viatu.

Hilo la viatu Koleo alilijua kabla ya magazeti. Renata alimpigia simu kutoka kwa bibi huyo, anacheka, mdomo umejaa wali. Alitamani kuwasimulia. Akajizuia, kwa sababu sifa ikitoka kwa baba haihesabiki.

— Ndiyo maana mimi nataka zaidi ya wachezaji, — alisema Kamishna. — Nataka Manahodha wazuiwe kumgusa mchezaji wetu yeyote kwa miaka miwili. Juzi mmesikia, wanamuulizia Rentas, wanataka kubadilishana. Mnadhani nani kawaambia? Yule anajua wachezaji wetu mpaka kucha.

— Miwili haitoshi, — alisema Saleh. — Na watupe jua.

— Watupe nini?

— Jua, bwana. Aprili sisi tunacheza na makoti, mpira unapotelea kwenye theluji. Mechi kumi za Aprili tukachezee kwao, na mapato ya soseji yaje kwetu. Andika hiyo.

— Naandika wapi?

— Kwenye kitambaa cha karatasi. Andika.

Kengele aliandika kweli. Halafu akaishusha sauti, akatazama mlangoni kama mwenye siri ya serikali.

— Mnajua mimi nafikiri nini? Yule hajaondoka.

— Ameondoka, mzee. Tumeona picha, kavaa kofia yao.

— Hiyo ndiyo kazi yenyewe! Tumempanda kule. Mtoto wa Lackawanna, mtoto wa tanuru, anaweza kuwapenda watu wanaotoka uwanjani mechi haijaisha eti foleni? Anawaingilia polepole. Mwaka huu anawanunulia vizee kwa pesa nyingi. Mwakani anatuuzia Berroa kwa gunia la mipira. Mwaka wa tatu anarudi na timu nzima kwenye basi.

— Basi hilo nitaliendesha mimi, — alisema Kamishna. — Na sitasimama kituo chochote.

Koleo aliwatazama mmoja mmoja. Kitambaa kilikuwa kimejaa: Berroa, Lindqvist, miaka miwili, jua, soseji, na chini kabisa Kengele alikuwa anaongeza hata uwanja wenyewe wa Manahodha. Ndipo ikamjia taratibu kwamba watu hawa walikuwa wanamsifia mwanawe kwa lugha pekee waliyoijua. Lakini bado walikuwa wanasema "yule".

Na sababu ya "yule" waliijua wote. Mwaka mmoja kabla, Renata alimtoa Hutch Bellamy, kipenzi cha mji, ambaye jezi yake ilivaliwa hadi harusini, akachukua vijana watatu wasiojulikana. Julai timu ilipoteza mechi kumi na moja mfululizo. Uwanja ukamzomea, na watu wakainua mabango. Moja lilionekana vizuri sana kwenye televisheni: DROZD, NENDA KWENU. Koleo alikuwa sebuleni kwake. Kwao ni wapi, alijiuliza, kama si mitaa mitatu kutoka hapo? Kisha kamera ikashuka, akaiona kengele ya ng'ombe. Hakumwambia mtu. Oktoba vijana wale watatu waliibeba timu mpaka hatua ya mtoano, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mbili, na kijiweni walisifiwa vijana, akasifiwa kocha, ikasifiwa hata hali ya hewa.

— Nyamazeni! — Saleh akaongeza sauti ya redio.

Mtangazaji hakuchukua hata dakika. Kamishna wa ligi ameamua. Kwa kumchukua mkuu wa usajili wa Wafua Chuma, Manahodha watatoa Wendell Stubbs, mrushaji wa ligi ndogo, miaka ishirini na minne, aliyefanyiwa upasuaji wa kiwiko Machi iliyopita, pamoja na mchezaji mwingine atakayetajwa baadaye. Sasa tuelekee kwenye hali ya barabara.

Saleh akaizima redio.

— Kiwiko, — alisema Kamishna.

— Kiwiko kilichoshonwa! — Kengele akasimama, kitambaa kikaanguka. — Na mtu asiye na jina! Wametutukana. Wametutukana mchana kweupe! Renata Drozd kwa kiwiko? Renata Drozd, ambaye ana jicho kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti? Renata wetu?

Koleo alikiweka kikombe chini. Jina lilikuwa limetajwa mara tatu.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma yake akaingia Naw Hser Paw, mbeba barua mpya wa mtaa, mwanamke wa kabila la Wakareni wa Asia, aliyeanza njia hiyo wiki mbili zilizopita. Alimpa Saleh bahasha zake, akakung'uta theluji, akawatazama wale wazee wenye nyuso nyekundu.

— Kuna msiba?

— Zaidi ya msiba, dada wa posta, — Saleh akammiminia kahawa. — Tumeibiwa.

— Keti nikwambie, — alisema Kengele, na akamwambia kila kitu, bila kupumua. Akaanza na Pickering, akaja kwa viatu vya Rentas, akaja kwa Bellamy.

— Dunia nzima ilisema kachanganyikiwa! Akabadilisha mtu mmoja aliyekwisha kwa vijana watatu ambao leo ndio uti wa mgongo wa timu. Watatu, dada! Aliona peke yake. Mji mzima haukuona, yeye akaona.

— Ni binti wa huyu hapa, — Kamishna akamwonyesha Koleo kwa kidole, kwa fahari, kana kwamba amemzaa yeye. — Kakulia hapa hapa.

Naw Hser Paw akamwinamia Koleo kwa heshima. Akapuliza kahawa yake, akafikiri. Besiboli hakuijua, lakini hadithi alikuwa ameifuata vizuri.

— Kama ni mzuri hivyo, — aliuliza, — mbona mlimwachia aende?

Saleh akaanza kufuta kaunta pale pale alipokwisha kufuta. Kamishna, mwenye kifungu cha kanuni kwa kila jambo, akaitazama saa ya ukutani, na zamu yake ilikuwa bado mbali.

— Ni mwenye timu, — alisema Kengele. — Mwenye timu alimbania, akakataa kumpandisha cheo, na mwenye timu...

Akakwama. Akageuka, akamtazama Koleo usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya sawasawa tangu Julai.

— Nilishika bango, Zygmunt.

— Nilikuona.

— Kwenye televisheni?

— Kengele ilitoka vizuri.

Naw Hser Paw alidhani ameharibu mambo. Akainuka, akashika mkoba wake wa barua.

— Samahani, wazee. Nimeuliza vibaya.

— Hapana, mama, — alisema Koleo. — Umeuliza vizuri sana. Kaa.

Akajisogeza, akampa mahali pake penye joto, karibu na hita, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa hakumpa mtu. Akachukua birika pale kaunta, akajaza kikombe cha mgeni kwanza, kisha cha Kamishna, kisha cha Kengele mpaka ukingoni. Halafu akakunja mikono kifuani.

— Haya, — alisema. — Mjibuni.

Akasubiri, na hakuwa na haraka hata kidogo.