Kikapu cha Papa Delphin

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye na sufuria motoni apunguze moto, aliye njiani atafute kivuli, maana leo tuna mtu wa kumsindikiza. Tunamkumbuka Papa Delphin Mulume, mhudumu wa mezani katika nyumba ya wageni ya Madame Odette, hapa Kamembe. Papa Delphin Mulume, mhudumu wa mezani. Kama uliwahi kunywa chai kwenye ile baraza inayotazama ziwa, yeye ndiye aliyekuletea, na kitambaa cheupe kikining'inia mkononi.

Papa Delphin ametutoka mwezi uliopita, baada ya figo kumsumbua kwa muda mrefu. Ameacha mke, Maman Mukamurenzi, na binti yao wa pekee, Chloé. Wote wawili wametupokea nyumbani kwao, wakatusimulia, wakalia kidogo, na nikiri kwamba wametuchekesha pia. Marehemu alikuwa mtu wa kuchekesha bila kukusudia.

Alizaliwa Bukavu, kwa wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Alivuka mto Rusizi kuja huku Rwanda akiwa kijana, akifuata kazi, akapata kazi na mke. Maman Mukamurenzi ni wa Nyakabuye, na alipoolewa alikuja na kikapu kidogo chenye mfuniko, alichosukiwa na mama yake, na mbegu ya parachichi. Mbegu ilipandwa nyuma ya nyumba. Mti ukakua, ukazaa kupita kiasi, na mti huo, wapendwa wasikilizaji, ndio uliomtia mzee wetu matatani.

Mnajua desturi yetu. Jirani akikuletea maharage katika sahani, sahani hairudi tupu. Unatia hata ndizi mbili, hata chumvi ya kufumba mkononi. Kila mtoto wa huku hulelewa hivyo. Ila wengi wetu tukifika kazini, desturi tunaiacha getini. Papa Delphin aliingia nayo mpaka jikoni.

Sasa tuseme kuhusu matabishi. Wengine huita bakshishi. Watu wa Kigali wanakwambia, chukua ya Fanta. Ni ile pesa ambayo mgeni anamwachia mhudumu juu ya bei. Papa Delphin alihudumia watu wa nchi nyingi, na kila nchi ina mkono wake. Mmarekani hutoa kwa wingi na mbele ya watu, maana kwao mhudumu anaishi kwa hiyo. Mfaransa huacha sarafu kwenye kisahani, kisha anaondoka upesi kama aliyevunja kikombe. Mtu wa Bukavu anakuaga kwa mkono, na noti iliyokunjwa iko ndani ya kiganja. Mtu wa Kigali anakutumia kwenye simu. Mjapani hatoi kitu. Kwao kumwachia mhudumu pesa mezani ni kumvunjia heshima. Tutamrudia Mjapani, kwa sababu bila yeye kumbukumbu hii haikamiliki.

Kwa Papa Delphin mikono yote hiyo ilisema jambo moja tu: amepewa. Na aliyepewa anarudisha. Basi mgeni akiacha matabishi usiku, asubuhi Papa Delphin anakuja na mfuko wa maparachichi kutoka nyumbani.

Wengi walifurahi. Lakini walifika mume na mke kutoka Marekani, waliokuja kutazama sokwe kule msitu wa Cyamudongo. Walimpa matabishi, naye akawaletea maparachichi. Wale wakadhani anauza, wakaongeza pesa. Papa Delphin akaona amezidiwa, kesho yake akaja na maparachichi mengi zaidi. Wakaongeza tena. Siku ya kuondoka alilikimbilia gari lao akiwa na gunia zima begani. Waliporudi kwao waliandika kwenye mtandao kwamba mahali ni pazuri, ila kuna mzee mmoja anayewakimbiza wageni kwa matunda.

Madame Odette alisoma maneno hayo na hakucheka. Wageni kwake ni ugali wa watu wengi. Alimwita, akamwambia wazi: "Papa Delphin, hapa haiko soko. Bakikupatia matabishi, useme merci, urudi jikoni. Nikisikia tena habari ya avoka, utaenda kwako."

Aliyeumia zaidi alikuwa Chloé. Chloé amesomea kazi ya hoteli, na ni mpokea wageni katika hoteli moja kule chini ziwani. Anasema: "Nilikuwa nasikia haya. Ku masomo balitufundisha, client akikupatia kitu unacheka, unasema merci, unaondoka. Na papa yangu iko anakimbiza bageni na gunia ya avoka. Bantu ya kazi balikuwa bananiuliza kama ule ni papa yangu. Siku moja nilisema apana."

Alisema apana, yaani alimkana. Habari hiyo ilimfikia baba yake, maana Kamembe ni mji mdogo na maneno yana miguu. Papa Delphin hakugomba. Jioni, mezani, alitoa ahadi mbele ya mke na binti: "Sitapatia tena bageni kintu. Lakini basi, sitapokea pia. Mi siwezi kupokea na mikono yote mbili, kisha nibakie nayo tu."

Ndipo shida ikaanza upya kwa mlango wa nyuma. Papa Delphin akawa anakataa matabishi. Mzungu akikataliwa huenda akashangaa, akarudisha pochi mfukoni, yakaisha. Lakini mjaribu mtu wa Bukavu. Mfanyabiashara mmoja, mteja wa siku nyingi, alimpa mkono wa kuaga, na noti ikamrudia kiganjani. Mtu yule alisimama pale mlangoni akiwa amenyong'onyea. "Unanirudishia? Nilikukosea nini, muzee?" Papa Delphin akawa kati ya mambo mawili. Akipokea bila kurudisha anajidharau, na akikataa anamdharau mwenzake.

Nyumbani nako mambo yalibana, maana mshahara wa mhudumu mnaujua. Maman Mukamurenzi anasimulia: "Nilimuambia, Papa Chloé, ni ile matabishi inanunua chumvi. Akasema, basi tutakula bila chumvi. Na tulikula bila chumvi kweli. Alikuwa mukaidi, Mungu amupumzishe."

Katika hali hiyo alifika Mzee Hirata. Mjapani, mstaafu wa shirika la reli, mtu mzima wa kimo kifupi na heshima nyingi. Naye alikuja kwa ajili ya sokwe. Mzee Hirata alikula, akainamisha kichwa kushukuru, akaenda kulala. Hakuacha kitu mezani. Kesho yake vilevile. Habumugisha, mpishi, akaanza kunung'unika kwamba mkono mtupu haulambwi, na mayai ya Mjapani yakawa yanachelewa. Papa Delphin alikuwa na raha zake. Hatimaye amempata mgeni asiyemtia majaribuni.

Kisha tumbo likamshika Mzee Hirata. Hakula mchana, hakula usiku. Sasa Papa Delphin alikuwa ameahidi kutowapa wageni kitu, lakini kuhusu wagonjwa hakuahidi neno. Alfajiri Maman Mukamurenzi alipika uji wa mtama, akautia kwenye chupa ya chai, akaiweka chupa ndani ya kile kikapu chake cha Nyakabuye. Papa Delphin akabisha hodi chumbani, akaacha kikapu, akaondoka.

Mchana kikapu kilirudi jikoni. Mzee Hirata alikileta mwenyewe, kwa mikono miwili. Ndani chupa ilikuwa imeoshwa, na pembeni yake kulikuwa na biskuti za mchele zilizofungwa vizuri katika kitambaa.

Habumugisha alikuwepo. Anasema Papa Delphin alifunua kikapu, akatazama, akakaa juu ya gunia la viazi. Halafu akasema: "Habumugisha, huyu muntu alilelewa."

Kumbe kule Japani, ingawa hawatoi matabishi, zawadi ina heshima yake, na aliyepewa hutafuta namna ya kurudisha. Wawili hao walikuwa hawana lugha moja. Mzee Hirata alikuwa na maneno machache ya Kifaransa, na mengine aliyatafuta kwenye simu. Lakini hilo la kikapu walilielewa bila mkalimani. Papa Delphin akarudisha kikapu na maparachichi. Mzee Hirata akakirudisha na soksi. Papa Delphin akatia karanga za kukaanga. Mzee Hirata akatia kofia. Madame Odette aliyaona yote hayo kutoka dirishani, akafika mlangoni, akarudi kwenye hesabu zake. Mgeni alikuwa anacheka, tena alikuwa ameomba kuongeza siku.

Siku ya kuondoka ilikuwa zamu ya Papa Delphin. Alitia kikapuni kahawa ya hapa Rusizi na sambaza wakavu, akamwambia Mzee Hirata aende nacho. Miezi miwili baadaye kikapu kilirudi kwa posta, kikiwa na majani ya chai ya kijani na picha ya mzee yule amevaa koti kwenye theluji. Papa Delphin akakijaza, akakipeleka posta. Tangu hapo kikapu kikawa msafiri. Maman Mukamurenzi anasema: "Kikapu yangu ilifika Japani. Mi sijafika hata Kigali."

Matabishi nayo alianza tena kuyapokea. Alimwendea Madame Odette, wakaelewana kwamba atapokea, na kila asubuhi kutakuwa na bakuli la maparachichi mezani, kwa kila mgeni, aliyetoa na asiyetoa. Hakuna wa kukimbizwa tena. Bakuli hilo liko pale hata leo.

Ila Chloé hakupenda safari za kikapu. Figo za baba yake zilikuwa zimeanza kumsumbua, na posta ya Japani si nauli ya kwenda hapo Bugarama. "Nilimuambia, papa, umuandikie ule muzee kama inatosha, imalizike. Nunua dawa. Akaniuliza, sasa nani ataanza kuacha? Nilikasirika. Tulikaa siku mingi bila kuongea muzuri."

Mwaka huu Papa Delphin alilazwa. Na akiwa pale kitandani, kikapu kikaja kutoka Japani. Chloé alikipeleka hospitalini, akidhani kitamfurahisha. Ndani kulikuwa na majani ya chai na skafu ya sufu. Alimvisha baba yake skafu shingoni. Papa Delphin hakuigusa. Aliuliza kikapu kiko wapi.

"Iko hapa, papa."

"Iko kwetu," akasema.

"Ndiyo, papa. Iko kwetu."

Alilirudia neno hilo mpaka jioni. Iko kwetu, iko kwetu. Hakusema lingine la kueleweka, na usiku huo alikata roho. Chloé anasema alipokuwa anatoka pale ndipo alipoelewa. "Nilifikiri anafurahi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa anaogopa aende na kintu ya muntu, na hakurudisha."

Tulimzika kwa heshima. Wahudumu wa nyumba ya wageni walikuja wamevaa nguo zao za kazi. Madame Odette alileta kitambaa cheupe cha Papa Delphin, kimefuliwa na kupigwa pasi, akamkabidhi Chloé. Kikapu kilibaki juu ya kabati, kitupu.

Chloé akarudi kazini kule ziwani. Mgeni mmoja alimpa matabishi, naye akafanya kama alivyofundishwa. Alitabasamu, akasema merci, akaondoka. Lakini anasema alisikia mikono imekuwa mizito. Alipotoka kazini hakupitia popote, alikwenda nyumbani moja kwa moja na kukishusha kikapu.

Walikijaza yeye na mama yake. Kahawa chini, karanga katikati, na juu kabisa kile kitambaa cheupe, kimekunjwa kama baba yake alivyokuwa anakikunja. Aliandika sentensi mbili tu: kwamba Papa Delphin amelala, na kwamba kitambaa kilikuwa chake. Alipofika posta akaulizwa ni nani anayetuma. Akasema: "Delphin Mulume. Mi ni binti yake." Binti aliyemkana baba yake wakati ule alilisema hilo kwa sauti, foleni yote ikasikia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Maman Mukamurenzi, kwa Chloé, kwa ndugu wote wa Bukavu na wa Nyakabuye, na kwa wenzake wa jikoni na mezani, redio hii inawapa pole. Pole sana. Mungu awatie nguvu, na awape usingizi.

Nasi tuliobaki tujiulize kidogo. Ukisafiri, uliza kwanza watu wa kule wanashukuru vipi. Kuna unayemkosea ukitoa, na kuna unayemkosea ukikataa. Na ukiwa mwenyeji, usimpime mgeni kwa alichoacha mezani. Mzee Hirata hakuacha kitu, mayai yake yakacheleweshwa, na nusura mtu ampoteze rafiki wa maisha. Leo, kabla hujalala, tazama kabatini kwako. Huenda kuna sahani ya mtu.

Chloé alitoka posta akapanda moja kwa moja makaburini. Hakukaa sana. Alisafisha majani yaliyoanza kuota, akasimama, akamwambia baba yake maneno haya, nasi tumeomba ruhusa kuyarudia hapa:

"Papa, lala sasa. Kikapu iko kwabo."