Sura ya Benedikto Ilipofutika Tanga

Rafiki yangu unayesoma, jina la Yesu lipewe sifa! Sogea karibu. Haya siyasemi kwa kila mtu, ila wewe nakuhesabu mtu wangu.

Mimi ni Mama Tumaini, wa hapa Ifakara. Kusoma nimesoma ukubwani, masomo ya jioni, na hukohuko ndiko nilikojifunza kuchora. Nilikaa dawati moja na Zuhura, ambaye baba yake alitoka Tanga akaja kufungua duka la vitambaa hapa mjini. Yeye Mwislamu, mimi mlokole. Yeye anachora maua, mimi nachora watu.

Ndugu zangu, mume wangu Benedikto alikwenda shambani Idete kupanda mpunga, akarudi na homa. Hakupona. Masika yaliyofuata maji yakaingia ndani, yakaharibu picha zetu zote, mpaka ya harusi. Nikabaki na moja tu, ile niliyomchora kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo nikaishikilia. Mtu akimtaja mume wangu, pumzi inakatika, natoka nje. Watoto wakaona, wakaacha kumtaja. Kwaya nikaacha. Watu wakasema, "Mama Tumaini amejikaza kweli." Kumbe nimefungwa!

Siku moja Zuhura akaja mbio. Shangazi yake ana fremu tupu ya duka kule Tanga, hatua chache kutoka baharini.

"Shoga, tukafungue nyumba ya picha! Ukuta huu wangu, ule wako."

"Nani Tanga atataka kuona wapanda mpunga?"

"Haohao wanaokula wali wenu!"

Nikacheka, nikakubali. Picha ya Benedikto nikaibeba pia, maana sikuweza kuiacha nyumbani. Nikasema itakaa mbele, na haiuzwi.

Sasa nikueleze tunavyofanya kazi huku. Mimi nachora kwa udongo: mwekundu, mweupe, na mweusi wa masizi. Naukoroga na uji wa mchele ili ushike kwenye mbao. Picha ikikauka naitundika jikoni, juu ya moto, palepale zinapokaa mbegu za mahindi, moshi uipige. Ndivyo nilivyozoea. Sijawahi kujiuliza kwa nini.

Tulipofungua mizigo Tanga, shangazi yake Zuhura akaingia, akashika pua. "Wanangu, mnauza picha au samaki wa kukausha?"

Tukacheka, lakini ilituchoma. Tukaona watu wa mjini watatudharau. Tukachukua matambara mabichi na sabuni, tukazifuta picha zangu moja moja mpaka ile harufu ikaisha. Ya Benedikto niliifuta kuliko zote. Tukafunga mlango, tukaenda kualika watu.

Tuliporudi kufungua baada ya siku kadhaa, jamani! Ukungu! Joto la pwani, chumba kimefungwa, uji umelowa. Ukungu wa kijani ulikuwa umetambaa juu ya watu wangu wote. Moshi ndio uliokuwa unawalinda, na sisi tumeuosha! Maua ya Zuhura yalikuwa mazima, kwa kuwa yeye hutumia rangi ya dukani. Benedikto nilipomgusa, shavu likabaki kidoleni mwangu.

Nilipiga kelele. Nikasema, "Bwana, nilikuachia mume. Hata sura yake?" Nikafunga mzigo. Nikamwambia Zuhura, "Nyumba ni yako. Mimi narudi Ifakara, na kuchora basi."

Hakubishana. Akaketi chini, mgongo kwenye mlango.

"Hutoki. Kwanza niambie, alikuwaje?"

"Nani?"

"Benedikto. Nimekaa na wewe muda wote huu, mumeo simjui. Naijua mbao."

Nikachukua simu nimpigie binti yangu Tumaini, nimwambie baba yake amefutika. Akasema, "Mama, usinikasirikie. Ile picha haikufanana naye. Ulimchora kama yuko mahakamani! Baba alikuwa akicheka lazima ashike ukuta. Huyu mdogo wetu anaiangalia ile picha, anadhani baba alikuwa mkali."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipokata kamba! Nilisikia kicheko kinatoka tumboni mwangu, na machozi pamoja nacho, sikujua kipi kinatangulia. Ni kweli! Alikuwa anashika ukuta! Nikafungua kinywa, nikamtaja: Benedikto. Pumzi haikukatika. Nikamweleza Zuhura alivyokuwa anaongea na ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma kama anajadiliana na wenye ng'ombe, alivyoimba besi kanisani akipotea njia kila ubeti. Tulicheka mpaka shangazi akaja kuuliza kama tumeanza kuuza. Ilipoadhiniwa alasiri, Zuhura akatandika mkeka wake upande ule, mimi nikapiga magoti upande huu. Niliomba kama sijaomba tangu tuzike.

Kisha nikamwomba Zuhura rangi zake za dukani. Sikutaka mbao. Nilimchora Benedikto kwenye ukuta wenyewe wa ile fremu, ameinama, anacheka, mkono mmoja umeshika ukuta. Zuhura akaniuliza, "Ukiondoka utambebaje?"

Nikasema, "Simbebi."

Tulifungua. Watu walikuja, wengine walinunua maua, wengine walisimama tu mbele ya yule mtu wakaanza kucheka bila kumjua. Mimi nilirudi Ifakara mikono mitupu, na moyo mwepesi. Yule wetu mdogo alinipokea stendi, akauliza kwa woga, "Mama, eti baba alikuwa anacheka?" Nikashika ukuta wa stendi, nikamwonyesha. Abiria walidhani naugua!

Asante Yesu! Picha hukunirudishia. Umenirudishia kinywa changu, na watoto wangu wamempata baba wa kumzungumzia.

Rafiki yangu, kama kuna jina usiloweza kulitaja, mpe Bwana. Hatalichukua. Atakurudishia ulitaje bila kuanguka. Na ukimaliza kusoma, usiiweke karatasi hii kabatini. Iko nyumba unayoijua wewe, mahali ambapo watoto wanamtaja marehemu kwa kunong'ona. Nenda nayo huko ukawasomee, kwa sauti.