Alhamisi za Kocha Marlène Nabindu

Wachungaji, wazee wa pande zote mbili, ndugu mliosafiri kutoka Leeds na Sheffield, walimu na wanafunzi wa chuo, jirani zetu wa Castle Vale, na wewe shemeji yangu Néhémie, mimi ni Fanuel Mushonio, mdogo wake marehemu, kamati ya familia imenipa karatasi mbili nizisome mbele yenu, nami nitazisoma, ila mnivumilie, kwa sababu zina kasoro mahali pamoja na wa kuisahihisha ni mimi.

Marehemu Marlène Nabindu Mushonio alizaliwa tarehe 14 Juni 1974 huko Kiliba, karibu na Uvira, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Norbert Mushonio na Mama Marie-Claire, wote wawili wametangulia mbele za haki. Baba yetu alikuwa kibarua wa kiwanda cha sukari, kazi yake ilikuwa kufagia na kumwagilia uwanja wa tenisi wa mainjinia, na saa za jua kali, wakubwa walipokuwa wamelala, Marlène aliokota raketi iliyopasuka mpini, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akawa anapiga ukuta wa ghala mpaka wakubwa hao wakaamka na kufoka, kwa hiyo anayedhani dada yangu alijifunza kusumbua watu hapa Uingereza amekosea.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiliba kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, kisha akasoma sekondari Uvira na kupata diploma ya serikali mwezi Julai 1993, akafundisha darasa la nne kwa miaka mitatu, hadi vita vya Oktoba 1996 vilipotuvusha ziwa na kutufikisha kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Huko ndiko alikofunga ndoa na Bwana Néhémie Bulonza, Jumamosi tarehe 21 Agosti 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Junior aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2001 kambini, na Mireille aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2007 hapa Birmingham, ambao wanatuelewa vizuri sana tukisema Kiswahili, lakini wakijibu wanajibu kwa Kiingereza.

Familia ilifika Birmingham tarehe 9 Februari 2005, Marlène akaanza kwa kufanya usafi katika duka moja la Longbridge, na mwaka 2008 akahamia kwenye jumba la michezo la chuo, bado na ufagio mkononi. Siku moja aliona raketi iliyotiwa nyuzi ovyo, akaanza kuitukana kwa Kiswahili, bila kujua kwamba msimamizi wa stoo, Mzee Dharmesh, ni mzaliwa wa Kisumu na anaelewa kila neno, naye badala ya kumshtaki akamwambia, "Mama, weka hiyo ufagio chini, kesho kuja uanze kutia nyuzi." Alitia nyuzi miaka miwili, mwaka 2010 akawa msaidizi wa mwalimu, akafanya mitihani yote ya ukocha huku akikaanga sambusa za harusi za watu, na tarehe 1 Septemba 2013 akateuliwa kuwa kocha mkuu wa timu ya tenisi ya wanawake wa chuo, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na moja na nusu.

Hapa kamati imeandika kwamba marehemu "aliipenda kazi yake," na mimi nasema hayo ni maneno ya watu ambao hawakuishi naye. Mahari ya binti mkubwa wa ukoo wetu yalipokelewa bila Marlène kwa sababu timu ilikuwa Coventry, kwenye harusi yangu mwenyewe alifika keki imekatwa, amevaa suti ya michezo na tope kwenye viatu, na kwaya ya kanisa hili ilikuwa ikipanda jukwaani yeye anawatazama miguu na kuwaambia wamesimama vibaya. Mwaka 2014 wazee watatu, ambao leo wameketi safu ya mbele wakilia kwa sauti, walikwenda nyumbani kwake kumwonya kuhusu kaptula, mama mzima mwenye watoto, yeye akawawekea chai na maandazi, akawasikiliza kwa heshima, kisha akatazama saa na kuwaambia, "Bapapa, mumalize chai pole pole, mie niko na entraînement," akaondoka kwenda mazoezini na kuwaacha na Mireille wa miaka saba.

Lakini wale wasichana wake walimfuata. Walikuja chuoni wakiwa hawajawahi kushika raketi, wengi wao ni watoto wa mtaa wa Bordesley Green ambao wazazi wao walitaka wasome tu, akawapitia nyumba kwa nyumba kuwaombea ruhusa, akanywa chai za watu wengi, na Seema, kapteni wa timu, ambaye yuko hapa, baba yake alikataa mara nne, mara ya tano akakubali ili apumzishwe.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Karatasi niliyopewa inasema hivi, nasoma: "Marehemu aliugua ghafla tarehe 8 Machi 2025 akiwa nyumbani kwa mumewe." Wote tunajua sentensi hiyo imewekwa pale kwa ajili ya nini. Kwetu mke akifa ghafla, mume huulizwa, na kwa desturi yetu mfiwa hukaa chini kwenye mkeka, hajitetei mpaka mwili uzikwe, kwa hiyo tangu tuweke matanga shemeji Néhémie amekaa pale, shangazi zangu wanapita bila kumpa mkono, wengine wanasema alimficha mgonjwa, wengine wanasema mambo mabaya zaidi ambayo sitayatamka mbele ya msalaba, naye hata angeruhusiwa kujitetea asingeweza, kwa sababu hajui kitu.

Historia ya marehemu husomwa kwa tarehe za kweli, nami nazitoa. Marlène aliambiwa na daktari kwamba ana kansa ya ovari siku ya Alhamisi, tarehe 11 Januari 2024, miezi kumi na minne kabla ya hiyo ghafla yenu. Najua kwa sababu nilikuwa nimeketi kando yake. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali kila alipoitwa, Alhamisi arobaini na moja, nimezihesabu kwenye kalenda ya kanisa, na kwenu nyote nilisema tunakwenda kuchukua nyuzi za raketi. Nywele zilipokatika mlisifu wigi lake jipya.

Nilimwomba amwambie mumewe, nikaomba tena, nikapandisha sauti kwenye maegesho ya hospitali hadi watu wakageuka, na jibu lake lilikuwa lile lile, "Fano, funga kinywa, tuko na match mercredi," yaani Jumatano. Alisema chuo kinatafuta sababu ya kuifuta timu, wakijua kocha anaumwa watampa likizo na wasichana watarudishwa nyumbani, alisema Néhémie akijua ataacha kazi yake ya ghala na kumkalia mbele mchana kutwa, na alisema ninyi mtakuja na mafuta na mikesha. Nilikasirika, bado nina hasira, na leo nina hasira zaidi, kwa sababu ile mechi ya mwisho ya kupanda daraja, ambayo kwa ajili yake tulidanganya ukoo mzima, ilichezwa Jumatano tarehe 5 Machi, kocha akiwa ameketi juu ya kreti la mipira kwa sababu miguu ilikuwa imekataa, na wakafungwa nne kwa mbili.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema kitu kuhusu ndugu anayemsaidia kuficha. Jumamosi tarehe 16 Novemba mwaka jana, mlangoni kwao Castle Vale, shemeji alinishika mkono akaniuliza, "Shemeji, dada yako iko mugonjwa? Uniambie kweli tu," nami nikamtazama usoni, nikamwambia hapana, ni mazoezi tu. Miezi minne mtu huyu angeweza kukaa na mke wake akijua, mimi nikamnyima. Hakumficha mgonjwa, wazee, alifichwa yeye. Anayepaswa kuulizwa na ukoo ndiye huyu anayesoma.

Tarehe 8 Machi Marlène alianguka jikoni, Néhémie ndiye aliyemwinua na kuita gari la wagonjwa, akalazwa, na Jumanne tarehe 25 Machi 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki akiwa na miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa wale wa wodi ya Alhamisi waliovumilia kufundishwa namna ya kusimama, jirani wa Castle Vale kwa vyakula na viti, Mzee Dharmesh, Seema na wachezaji wenzake, walimu wa chuo, na kanisa. Ninyi ambao hatukuwataja majina, mtusamehe.

Dada Marlène, siri yako nimeitoa bila ruhusa yako, na najua ungenifokea mbele ya watu wote hawa. Nimemaliza kusoma, ninashuka hapa ninakwenda kuketi chini kando ya mume wako, kama atanikubali. Pumzika kwa amani.