Mzee Naboth Mukwindidza, Aliyewauzia Watu Uzee Mwema (1941–2020)

Wasifu unasomwa na binti yake, Ratidzo

Mzee Naboth Mukwindidza, ambaye wengi wenu mlimwita Mhofu kwa jina la ukoo wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Nyanga, mtoto wa tatu wa marehemu Zakaria Mukwindidza, mkulima wa viazi, na marehemu mama Masiya.

Alianza shule ya misheni mwaka 1949 na kumaliza darasa la sita mwaka 1955. Ada ya mwaka wa mwisho ililipwa kwa magunia mawili ya viazi. Mwalimu wake alimpachika jina la Senti, kwa sababu akitumwa dukani alirudisha chenji yote, na siku moja alirudi mbio dukani kwa kuwa mwenye duka alikuwa amemzidishia senti moja.

Mwaka 1963 aliajiriwa kuwa karani katika kampuni ya bima mjini Mutare, ulipokuwa bado unaitwa Umtali. Mwaka 1972 akapandishwa kuwa wakala. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu bima ya akiba: unachanga kila mwezi, ukistaafu unapewa fungu lako. Alizunguka mtaa wa Sakubva kwa baiskeli, amevaa tai hata kwenye joto kali la Oktoba. Kwenye vilabu vya pombe aliwaambia wanaume, “Ndugu zangu, kunyweni chupa mbili. Ya tatu nipeni mimi niwawekee, mtaikuta uzeeni.” Walimcheka, kisha wakatia sahihi. Aliandikisha watu mia mbili na kumi na wawili. Aliwaamini waajiri wake kwa moyo wote, na akiba yake yote, pamoja na pensheni, aliiweka humo humo.

Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na Eunah Chipunza, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne. Waliishi kwa kuheshimiana, ila kwenye jambo moja hawakupatana kamwe. Mama alipopata fedha za kushona sare za shule alinunua matofali. Baba alimwambia, “Mama Onias, matofali hayazai riba.” Naye akajibu, “Wewe weka karatasi zako, Baba Onias. Mimi naweka kitu kinachonyeshewa na mvua nikakikuta asubuhi.” Kwa matofali hayo, mpaka kufikia mwaka 1994, alikuwa amejenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba. Baba alivijua kama vyumba vya Mama.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2001. Mwaka wa kwanza pensheni ilitutosha, na nyama tulikula. Baada ya hapo bei zilianza kupanda Zimbabwe nzima, na pensheni ikabaki pale pale ilipokuwa. Kaka yetu Onias alimsihi atoe chochote kilichobaki anunue ng’ombe. Baba alisema mfumuko wa bei ni homa, utapita. Kufikia mwaka 2008 bei ya mkate ilibadilika watu wakiwa bado kwenye foleni. Mwezi wa Julai alipanga foleni benki tangu alfajiri, akapewa pensheni yake ya mwezi mzima, akarudi nyumbani na andazi moja. Alilikata vipande viwili, akampa Mama kikubwa.

Mwezi wa Oktoba alikuja Mama Keresiya, mjane, mpishi wa shule, mmoja wa wale aliowaandikisha, aliyechanga bila kukosa kwa miaka ishirini na miwili.

“Mhofu, nimestaafu. Nipeleke nikachukue changu.”

Walikwenda pamoja kwenye ofisi ya bima. Binti wa kaunta aliandika tarakimu kwenye kikaratasi.

“Hii ni ya mwezi?” Mama Keresiya akauliza.

“Ni yote, mama.”

“Inanunua nini?”

“Mama, stempu ya kukutumia barua ni ghali kuliko hiyo.”

Mama Keresiya alicheka kwanza. Nje, akaketi kwenye ngazi na kumtazama Baba. “Nilitaka kununua mbuzi, Mhofu. Wewe ulinikataza.”

Baba alitusimulia hayo mara moja tu. Jioni ile alimwomba Mama chumba kimoja kwa ajili ya mjane yule, bila kodi.

“Vyumba hivyo ndivyo vinavyotulisha,” Mama akasema. “Unataka tule nini? Tai zako?”

“Sijui tutakula nini.”

“Ulimdanganya?”

“Sikumdanganya. Nilimwambia nilichokiamini. Kwake ni sawasawa.”

Siku ya nne Mama alisema, “Mpangaji anahama Jumamosi. Mwambie Keresiya aje na sufuria zake, mimi sina za kuazima.” Mama Keresiya aliishi nasi miaka minane, mpaka alipofariki mwaka 2016. Miaka hiyo tulikula sadza, ugali wetu, na mboga za majani, na Mama alirudi kwenye cherehani akiwa na miaka sitini na tano.

Kuanzia mwaka 2009 Baba alipita nyumba kwa nyumba akiwatafuta watu wote aliowaandikisha. Hakuwa na cha kuwalipa. Alibisha hodi, akavua kofia, akasema, “Nimekuja kuomba radhi.” Wengine walimpa chai. Mmoja alimmwagia maji ya vyombo, naye akarudi kwake wiki iliyofuata, kwa kuwa siku ile hakupata nafasi ya kumaliza maneno yake.

Kisukari kilimpata mwaka 2014. Tulimtumia dola za Kimarekani za dawa, akaziweka benki. Mwaka 2019 serikali ikazigeuza fedha ya ndani, na thamani yake ikayeyuka ndani ya miezi michache. Hakutuambia. Alianza kukata vidonge nusu, na tulijua figo zilipokuwa zimeshaharibika. Onias alipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu, “Ningewaambia nini? Kwamba nimeamini tena?”

Alilazwa hospitali mjini Mutare tarehe 9 Februari 2020, akafariki Ijumaa tarehe 21, saa kumi na moja alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla, aliniambia kuna watu arobaini na tisa ambao hakuwahi kuwapata: waliohama, waliovuka mpaka. Aliagiza niseme hivi mbele ya kaburi, nami nasema: kama upo hapa, au unamjua aliye mbali, Naboth anaomba radhi.

Ameacha mjane, Eunah. Watoto wanne, Onias, Ratidzo, Shingirai na Portia. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Mungu ampe mapumziko ambayo hakuyapata alipostaafu. Lala salama, Mhofu.