Mzee Kyalo na Mfuko Usioahidiwa Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bwana Aloys Kyalo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Aliingia Kituo cha Damu cha Iveti kama karani wa dirishani, akiwa na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Anaondoka akiwa mkuu wa mitambo, na ile kalamu hajaitupa.

Zamani orodha ya damu ilikuwa daftari moja. Zilipokuja kompyuta, tuliweka nakala ya orodha kwenye mashine nne, Machakos, Mwala, Athi River na Matuu, ili kila hospitali ijibiwe upesi. Lakini kila mashine hupokea maombi mengi kwa wakati mmoja, kila ombi likishonwa kwa uzi wake, kama mafundi wanavyouita mkondo mmoja wa kazi ndani ya mashine. Nyuzi mbili zingeweza kuushika mfuko mmoja wa damu kabla nakala hazijapatana.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2018. Mfuko mmoja uliahidiwa wagonjwa wawili. Aliyeukosa alikuwa mke wangu, Munyiva. Kyalo alikuja matangani, akabeba viti, akaosha sufuria, wala hakutaja kompyuta. Jumatatu alianza kuuandika mfumo upya.

Alitaka mfuko ukishikwa, ufungwe kwenye nakala zote nne. Ombi likikwama, liwekwe kando na namba yake. Uzi mwingine ulichukue kwa namba hiyo na kuendelea pale lilipoachwa, ila uzi mmoja tu kwa wakati. Ama ombi likamilike lote, ama mfuko urudi kwa wote. Loise, mwandishi wetu wa programu, alimtania: "Mzee, hii ni kompyuta, sio posho mill!" Kyalo akamjibu kwamba kwao Muthetheni, kwenye kinu cha kusaga mahindi, magunia huandikwa namba kwa chaki, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani na unga wa jirani. Loise alicheka, kisha akaandika sehemu ngumu kuliko zote.

Hata hivyo Kyalo hakwenda likizo miaka sita. Aliogopa mfumo ukikwama bila yeye, tutazika mtu mwingine. Aliomba hata kuongezewa mwaka mmoja, akapewa barua atie sahihi. Mwezi wa tano mkurugenzi wetu, Bi. Nzilani, akamlazimisha kwenda nyumbani wiki mbili. Tulibaki roho mkononi.

Siku ya tatu umeme ulipotea Athi River, katikati ya ombi la mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Uzi ulioanza kazi ukafa. Mashine ya Mwala ikalichukua ombi kwa namba yake, ikalimaliza, na dereva wetu Zubair akaondoka na mifuko miwili. Hakuna aliyempigia Kyalo simu.

Aliporudi, Loise alimwonyesha taarifa za siku ile. Alizisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama yule mama yuko salama. Anaitwa Khadija, na yuko nyumbani na binti yake. Kyalo akasema, "Haya basi," akaomba chai. Alipoimaliza, alimrudishia Bi. Nzilani barua ya kuongezewa mwaka, bila sahihi.

Mzee, asante kwa niaba ya wagonjwa wasiolijua jina lako. Kwa niaba ya Munyiva pia, asante. Mvua ikunyeshee kwa wakati, mbuzi wako wazae mapacha, na ulale mpaka jua likukute kitandani. Sisi tuko kazini.