Mwendo wa Chapakazi Jazz

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha treni, ila masikio aliyaacha kazini. Mbele yake kijana mwenye gitaa mapajani alikuwa akimweleza seremala mmoja mzee, asiyemjua, ni akina nani waliomfundisha kutunga nyimbo.

"Kwaya ya shangazi ilinisaidia kidogo, lakini walioniumba ni Chapakazi Jazz, mzee wangu. Ule mwendo wao wa taratibu, kila neno linapata pa kukaa!"

"Taratibu?" Seremala aligeuka mzimamzima. "Mimi nimepiga ngoma Chapakazi miaka sita. Tulikuwa tunakwenda mbio, watu wanacheza viatu mkononi!"

"Mbona kwenye kanda ya mama hawakimbii?"

"Mama alikuwa anaisikilizia wapi?"

"Kwenye redio kaseti. Betri zikichoka tunazianika juani, tunazirudishia."

Seremala alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi mwalimu wako si sisi, mwanangu. Ni betri zilizochoka kuzungusha kanda!"

Fundi, aliyejifunza kushona kwa cherehani mbovu, hakuona cha kuchekesha.

"Lakini nikipiga hivyo watu wanalia, mzee."

"Wanawalilia Chapakazi!"

Treni ikasimama. Seremala alikuwa bado anagonga goti harakaharaka, kijana naye anakung'uta nyuzi polepole, wote wawili wanatabasamu na hakuna anayekubali kushindwa. Fundi aliteremka na kikapu chake, na alipofika kwenye ngazi za stesheni akagundua kwamba miguu yake ilikuwa imeshaamua. Ilikuwa inapanda taratibu, ikifuata betri.